Kamba Huvuta, Haisukumi

Wako watu wenye elimu wasemao ya kuwa Kiswahili ni lugha ya mashairi, ya hotuba na ya soko, walakini si lugha ya mitambo. Husema hivyo bila chuki, na pengine kwa masikitiko, kama mtu alisifuye jahazi la babu yake kisha akapanda meli ya jirani. Wakitakiwa mfano hutaja elimu ngumu za siku hizi, na mojawapo ni elimu ya kuongoza roboti zinazoendeshwa kwa kamba: namna ya kuifanya mashine iliyoning'inia ifuate njia iliyopangiwa, ifike kila mahali kwa wakati uliowekwa, isipotee wala isiyumbe. Elimu hiyo, wadai, haisemeki kwa Kiswahili. Dai hili lastahili kupimwa, na mahali pa kulipimia si mbali. Ni Nyegezi.

Nyegezi iko kusini mwa jiji la Mwanza, kando ya ghuba ambayo Ziwa Victoria limeipenyeza katika nchi ya Wasukuma. Hapo ndipo Mapadre Weupe walipoanzisha mwaka 1960 chuo cha mafunzo ya jamii, ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Hapo pia pana chuo cha uvuvi wa maji baridi, na stendi ya mabasi yaendayo Shinyanga, Singida, Dodoma na Dar es Salaam. Katika ghuba hiyohiyo, upande wa kusini zaidi, limejengwa daraja la Kigongo na Busisi lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025, ambalo sehemu zake za katikati zimeshikwa kwa kamba za chuma zilizofungwa katika minara. Basi kitabu, wavu, basi la abiria na daraja vimekutana katika ukanda mmoja wa ufuko. Kijana asomaye huko aweza kuona kamba zikifanya kazi kabla ya chai ya asubuhi. Saa mbili baadaye huingia darasani akaelezwa habari za kamba kwa lugha ya kigeni, naye hunakili maneno asiyoyaelewa ya jambo alilokwisha kuliona.

Kabla ya kubishana juu ya lugha, ni haki kuieleza mashine yenyewe. Ni kiti au jukwaa lisilo na miguu wala mkono wa chuma. Limefungwa kamba kadha wa kadha, na kila kamba hupita katika kapi lililo juu ya nguzo, kisha hushuka hadi kwenye gurudumu la kuviringishia, linalozungushwa na mota. Mota moja ikikunja kamba na nyingine ikiachia, jukwaa husogea. Kompyuta huzipa mota zote amri kwa pamoja. Hiyo ndiyo mashine nzima. Faida yake ni wepesi: mkono wa chuma wa kufika mita 100 ungekuwa mzito kuliko mzigo wake, lakini kamba ya mita 100 hubebeka.

Mashine za namna hii si ndoto. Mmarekani Garrett Brown alibuni kamera iliyoning'inia kwa kamba 4 juu ya uwanja wa michezo, ikaanza kutumika katika miaka ya 1980, na watazamaji wa mpira wameyaona macho yake hata wasipoijua. Katika miaka hiyohiyo James Albus, naye Mmarekani, alitengeneza winchi ya kamba 6 ambayo mzigo wake haukupepea kama mizigo ya winchi nyingine. Kubwa kupita zote iko katika jimbo la Guizhou, nchini China. Huko, mwaka 2016, kilikamilishwa chombo cha kusikiliza mawimbi ya nyota, sahani yenye kipenyo cha mita 500 iliyolazwa katika bonde. Juu yake kibanda cha tani 30 hivi huning'inia kwa kamba 6 kutoka nguzo 6. Dunia huzunguka, nyota huonekana kuhama, na kibanda hakina budi kufuata bila kukoma. Kamba hukipeleka karibu na mahali pake, na mitambo iliyo ndani ya kibanda husahihisha kosa dogo linalobaki, hata kosa la mwisho huwa kama milimita 10 tu.

Sasa na iulizwe: katika maelezo hayo ni neno gani ambalo mvuvi wa Nyegezi hakulielewa? Roboti, mota, kompyuta na kamera ni maneno yaliyokopwa, naam. Lakini hata meza na kitabu yalikopwa, na hakuna aliye na uchungu nayo. Ugumu wa elimu hii hauko katika majina. Uko katika sheria moja fupi, ambayo Kiswahili huisema kwa maneno matatu: kamba huvuta, haisukumi.

Kila mhandisi wa mashine hizi huanzia hapo. Chuma kigumu kikisukumwa husukuma. Kamba ikisukumwa hujikunja. Kwa hiyo kitu kikitakiwa kwenda kushoto na kulia hakitoshewi na kamba moja. Sharti pawe na mbili zinazovutana. Kitu chaweza kuwa na mwendo wa namna 6: kwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na kuzunguka kwa namna 3. Ili kukishika katika miendo yote hiyo kwa kamba peke yake zatakiwa kamba 7 kwa uchache, yaani moja zaidi ya idadi ya miendo. Zikiwa 6, kama huko China, ni kwa sababu uzito wa kibanda chenyewe huvuta kuelekea chini na kufanya kazi ya kamba ya saba. Jambo hili huandikwa vitabuni kwa safu ndefu za alama. Ni kweli alama zina kazi yake. Lakini maana yake haipungui hata kidogo ikisemwa kwa maneno yaliyotangulia.

Tena maana hiyo si ngeni ziwani. Wapo wazee waliovuta kokoro, wavu ambao sheria umeukataza kwa kuwa huzoa hata samaki wachanga. Kokoro lilikuwa na kamba mbili ndefu, na watu wa pande mbili walivuta kuelekea ufukoni. Upande mmoja ukitangulia, wavu ulikwenda mshazari na samaki wakatoroka. Upande mmoja ukilegeza, wavu uliinuka chini na samaki wakatoroka vilevile. Basi kulikuwa na mtu wa kutazama na kupiga kelele, na pande zote mbili zilimsikiliza. Katika Ziwa Tanganyika wavuvi wa dagaa hushusha wavu kutoka mitumbwi iliyofungwa pamoja, kisha huuinua kwa kamba zake zote kwa pamoja. Pembe moja ikichelewa, mavuno humwagika. Hakuna aliyewaambia wavuvi hao kuwa wanafanya hesabu ya mkazo wa kamba, nao hawakuifanya kwa kalamu. Walakini tatizo walilijua, na majina ya tatizo wanayo: kukaza, kulegeza, kutangulia, kuchelewa, kwenda mshazari.

Hesabu inaanza pale kamba zinapokuwa nyingi kuliko miendo. Hapo jukwaa laweza kusimama mahali palepale kwa mikazo ya namna nyingi zisizohesabika: kamba zote zikazwe sana, au zote zikazwe kidogo, au hizi zaidi na zile pungufu. Kompyuta lazima ichague. Uchaguzi wake umo katikati ya hatari mbili. Kamba ikilegea chini ya kiasi, jukwaa hutikisika na amri haifiki. Ikikazwa kupita kiasi, hukatika. Mwaka 2020 dunia ilionyeshwa hatari ya pili huko Arecibo, Puerto Rico. Jukwaa la tani 900 hivi lilikuwa limening'inia juu ya sahani ya kipenyo cha mita 305 tangu mwaka 1963. Tarehe 10 Agosti kamba moja ya ziada iliponyoka katika kishikio chake. Tarehe 6 Novemba kamba kuu ilikatika, ingawa mzigo wake haukuwa umefikia kiasi kilichodhaniwa kuwa mwisho wa uwezo wake. Tarehe 1 Desemba jukwaa lote lilianguka. Jukwaa lile halikuwa roboti, kwa maana kamba zake kuu ziliwekwa zilishike tu. Lakini mkazo haujali kama kamba imefungwa ili itulie au ili iende. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, na wahandisi wa Arecibo walifikia neno lilelile kwa gharama kubwa.

Linabaki neno la njia. Wengi hudhani kuiongoza mashine ni kuifikisha. Mtu aliyesimama stendi ya Nyegezi ajua tofauti. Basi liendalo Dar es Salaam hupita Shinyanga, Singida na Dodoma. Likifika Dar es Salaam salama, ila limepita Singida saa tano baada ya wakati wake, abiria wa Singida hawatalisifu kwa kufika. Njia ni orodha ya mahali. Safari iliyopangwa ni orodha ya mahali pamoja na saa zake. Mashine ya kamba hupewa safari iliyopangwa, ambayo kila nukta yake ina wakati wake, na mwendo kati ya nukta na nukta hauna budi kuwa laini, usiwe na mshtuko, kwa sababu kamba ikishtuliwa hucheza kama uzi wa zeze na jukwaa hucheza nayo.

Kuifuata safari hiyo ni kazi ya kusahihisha kosa. Mashine hupima mahali ilipo, hulinganisha na mahali ilipopaswa kuwa, kisha huamua. Katika desturi iliyozoeleka zaidi huangalia mambo matatu: kosa la sasa, kosa lililolimbikizwa tangu zamani, na mwendo wa kosa, yaani kama linakua au linapungua. Juu ya hayo, mtambo mzuri haungoji kosa litokee. Hukadiria mapema nguvu itakayotakiwa kwa safari iliyo mbele, kama nahodha aelekezaye omo kabla mkondo haujamchukua. Na hata hivyo kamba humdanganya mpimaji. Urefu ulioachiwa na gurudumu si lazima uwe urefu ulio angani, kwa kuwa kamba huvutika kwa mzigo na hulegea katikati kwa uzito wake yenyewe, na upepo huisukuma upande. Kwa ajili hiyo mashine kubwa hazitosheki na kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Hupima jukwaa lenyewe kwa mwanga na kwa kamera.

Hapa ndipo pa kusema na kundi la pili la wapinzani, na hao ni wapenzi wa Kiswahili. Hawa hawasemi lugha haiwezi. Hukaa mezani na orodha ya maneno ya Kiingereza, wakaipa kila tambo neno lake, kisha wakapumzika kana kwamba elimu imehamishwa. Kazi yao imezaa neno “wakati halisi”, ambalo sasa hutumiwa kwa mashine zinazojibu papo hapo. Lakini wakati ambao si halisi ni upi? Mwanafunzi asomaye neno hilo hufikiri ya kuwa mashine hiyo ina haraka, au kwamba saa yake ni sahihi kuliko saa nyingine. Yote mawili ni makosa. Maana ya jambo lenyewe ni kuwa jibu lina mwisho wa wakati wake. Kompyuta iliyopewa zamu 1,000 katika sekunde moja sharti imalize kupima, kuhesabu na kuamrisha kabla ya kila zamu kwisha, zamu zote, bila kukosa hata moja. Hesabu sahihi iliyochelewa ni kosa, kwa sababu jukwaa lilikwisha ondoka mahali ambapo hesabu ilimhusu. Na hesabu iliyowahi mno haina tuzo. Kompyuta ya kasi sana ambayo mara moja moja husitasita ni mbaya kuliko ya polepole isiyokosa zamu.

Kiswahili kilikuwa na msemo huo siku zote: kufanya jambo kwa wakati wake. Watu wake walikwisha kuzifundisha pande zote mbili za sheria hiyo, waliposema haraka haraka haina baraka, na waliposema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwalimu atakayesimama na methali hizi mbili, moja mkono wa kushoto na moja wa kulia, na kuwauliza wanafunzi ni kitu gani kilicho katikati, atakuwa amefundisha msingi wa mashine hizi kwa dakika kumi. Yule mwenye orodha atakuwa amewapa neno la kukariri.

Ubaya wa orodha ni kwamba huanza na neno la wengine na kulitafutia kivuli. Njia iliyo bora huanza na kitu na kuuliza ni nani anayekishika kwa mikono yake. Mabaharia wa pwani hawakuiita kila kamba kamba. Kamba ya nanga waliiita amari. Ya kutweka foromali, jarari. Ya kuongozea tanga, demani. Maneno hayo yamo katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 kwa usimamizi wa Frederick Johnson, na mengi yamelala humo. Chombo cha tanga ni mwili unaoongozwa kwa kamba zinazovuta tu, kati ya upepo na maji, na lugha iliyowataja watendaji wake mmoja mmoja haiwezi kuitwa fukara mbele ya jukwaa lenye kamba 6. Kamba ichukuayo mzigo na kamba iongozayo mwelekeo ni vitu viwili kwa mhandisi wa leo. Vilikuwa viwili kwa nahodha wa jana, na kila kimoja kilikuwa na jina.

Itasemwa kuwa maneno hayo ni ya pwani, na Nyegezi nyumbani husemwa Kisukuma. Hoja hii ni ya haki. Jibu lake ni kuwa kijana wa Kisukuma alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anauza na kununua kwa Kiswahili, na neno demani atajifunza kwa siku moja akionyeshwa tanga, ilhali neno la Kiingereza atalijifunza kwa siku hiyohiyo bila kuonyeshwa kitu. Na likiwepo neno la wavuvi wa ziwa lililo bora kuliko la pwani, na litwaliwe hilo. Kiswahili hakikukua kwa kufunga milango.

Itasemwa pia kuwa vitabu na makala za elimu hii ni za Kiingereza. Ni kweli, na kwa sababu hiyo kila mwanafunzi wa uhandisi afundishwe Kiingereza vizuri, kama somo, na mwalimu ajuaye kukifundisha. Lakini kusoma taarifa za wengine ni jambo moja, na kuelewa ni jingine. Mjapani na Mchina husoma Kiingereza pia. Hawakuona kuwa hiyo ni sababu ya kufikiri kwa lugha ya mkopo. Wale waliojenga chombo cha Guizhou hawakungoja lugha yao iruhusiwe.

Tanzania imewahi kuufikia mlango huu na kurudi nyuma. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri kwamba Kiswahili kianze kufundishia shule za sekondari mwaka 1985. Ushauri huo haukutekelezwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa amethibitisha mwaka 1963, kwa tafsiri yake ya Shakespeare, ya kuwa Kiswahili hubeba maneno ya wafalme; walakini ubishi wa mitambo uliachwa bila kujibiwa, na walioshinda hawakushinda kwa hoja. Walishinda kwa kuahirisha.

Na gharama ya kuahirisha huonekana mahali kama Nyegezi. Daraja la Kigongo na Busisi litasimama juu ya maji miaka mingi baada ya wajenzi wake kurudi kwao. Kamba zake hazitembei, ila zina mkazo usiku na mchana, na siku moja mtu atapewa kazi ya kuzipima na kusema ipi imechoka. Mtu huyo yuko shuleni sasa. Ikiwa amekariri neno la kigeni la mkazo bila kulijua jambo lenyewe, atapima na kuandika tarakimu, lakini hatashtuka tarakimu inapokuwa mbaya. Tena hatakuwa na maneno ya kumwonya mlinzi wa daraja, wala dereva, wala diwani, kwa kuwa yale aliyopewa hayasemeki nje ya darasa. Elimu isiyoweza kuelezwa kwa mtu mwenye kamba mkononi bado haijamilikiwa na yule anayeifundisha.

Basi dawa haihitaji tume nyingine. Kila mwanafunzi wa uhandisi anayeandika tasnifu kwa Kiingereza na atakiwe kuambatisha kurasa kumi za Kiswahili zinazoeleza mashine yake yote: inafanya nini, inashindwa lini, na kwa nini. Kurasa hizo zisisahihishwe na mtaalamu wa lugha peke yake. Zisomwe kwa sauti mbele ya watu wanne wanaotumia kitu cha jamaa ya mashine hiyo: fundi, mvuvi, dereva, baharia. Wakimwuliza swali ambalo hawezi kulijibu, arudi akasome. Na neno ambalo wao wamelitumia kuuliza, likiwa limefaa kuliko lake, na liandikwe kamusini pamoja na jina la ufuko lilikotoka.